Kwenda Venice kwa Ajili ya Ushanga

Mtoto wa kaka yangu anasoma Padova, na tangu nimwambie kwamba mwaka huu nitakwenda kumtembelea hachoki kunitumia orodha za mambo ya kuona Venice, ambako ni kama nusu saa tu kwa treni kutoka kwake. Kasri la watawala limo. Mnara wa kengele umo. Kikombe cha kahawa chini ya matao ya uwanja wa San Marco nacho kimo, pamoja na bei yake, ambayo huku Bagamoyo inanunua kitoweo cha siku kadhaa. Nikamwandikia kwamba mimi nakuja kuangalia ushanga. Jibu lake halikukawia: "Shangazi, ushanga si umejaa Kariakoo?"

Umejaa, sikatai. Lakini wa Kariakoo wa leo sehemu kubwa unatoka China na Ucheki. Ule uliopita mjini kwetu katika karne ya 19, magunia kwa magunia, mabegani mwa wapagazi waliokuwa wakielekea Tabora na Ujiji, wingi wake ulitengenezwa Venice, hasa katika kisiwa chake cha Murano. Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na katika mada ya biashara ya misafara kulikuwa na sentensi ambayo kila mwanafunzi aliishika kwa moyo: bara ilitoa pembe na watumwa, pwani ikaingiza nguo, shanga, nyaya na bunduki. Nguo tuliifuata mpaka viwanda vya Massachusetts. Bunduki tuliifuata mpaka Ulaya. Ushanga tuliuacha njiani, kana kwamba uliokotwa ufukweni.

Nao haukuwa kitu kidogo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka na mwenzake Speke mwaka 1857 kutoka Kaole, kusini kidogo ya mji wetu, aliandika kwamba sokoni kulikuwa na aina kama 400 za shanga, kila aina na jina lake, bei yake na nchi inayoipenda. Henry Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alinunua magunia 22 ya shanga za aina mbalimbali, na katika kitabu chake utamsikia akihangaika nazo kuliko alivyohangaika na bunduki. Sababu yake ni ya msingi kabisa. Ushanga mweusi uliopokelewa Ugogo haukuwa na kazi kwingine. Zile shanga kubwa za mfano wa yai zilikuwa mali Ujiji, lakini ukizitoa mahali pengine wanakurudishia. Nyeupe ilipendwa Ufipa, na ukienda nayo Unyamwezi wanataka nyekundu, ile samesame. Mwenye msafara aliyekosea rangi alikuwa amebebesha watu mzigo wa takataka mwendo wa miezi, na njaa ingemkamata huku magunia yamejaa.

Njaa, nasema, kwa sababu ushanga ndio uliokuwa chenji ya njiani. Nguo ilitoa hongo kwa watemi na kununua vitu vikubwa. Ushanga ulinunua muhogo, kuku, maziwa, chumvi. Posho ya mpagazi ilitolewa hivyo: anapewa uzi wake, anakwenda kijijini kujitafutia. Uzi mmoja uliitwa kete, na kipimo chake kilikuwa mkono wa mtu, kutoka kidole gumba mpaka kiwiko na kurudi. Kete kumi zilifanya fundo moja. Huku pwani shanga ziliuzwa kwa frasila, kisha zikatungwa upya katika kete kabla msafara haujaondoka, na kazi hiyo ya kutunga ilikula siku nyingi na vidole vingi. Naijua ardhi waliyokalia watungaji hao. Lile jengo la msafara, ambalo wageni huletwa kulipiga picha kwa haraka kabla ya kwenda kula samaki, liko mwendo wa dakika chache kutoka kwangu.

Kuna usemi unaoniudhi, nao umeingia hata katika vitabu vyetu, kwamba babu zetu walitoa pembe za ndovu wakapewa vishanga visivyo na thamani. Anayesema hivyo hajawahi kumwuzia Mgogo kitu asichokitaka. Wareno walipojijengea ngome Sofala mwaka 1505 walikuja na shanga za Ulaya, na wenyeji wakazikataa. Walitaka zile za Khambhat, Gujarat, walizozizoea kwa karne nyingi. Ikawabidi Wareno waende India kuzinunua ndipo wapate dhahabu. Mnunuzi ndiye aliyeamua. Hata Venice ilipokuja kushika soko la Afrika Mashariki baada ya miaka 300 na ushei, haikulishika kwa kutuma chochote kilichobaki ghalani. Ilibidi itengeneze wekundu ule unaotakiwa, ukubwa ule unaotakiwa, na wafanyabiashara wa Unguja wasipouona walirudisha mzigo. Burton anasimulia kwamba samesame ilikuwa na majina ya utani yanayosema kwamba mtu atauza chakula chake aipate, na kwamba wanawake wataivunja miji kwa ajili yake. Wanaume wa kila zama wanapenda kuandika hivyo kuhusu wanawake na mapambo, lakini kama habari ya soko naichukua.

Wala sitaki kuupamba ushanga wenyewe. Kete hizo hizo zilizonunua kuku zilisaidia kununua watu, na waliouzwa bara waliletwa kwa njia ile ile, wengine wamebeba pembe, mpaka hapa ufukweni kwetu. Mtu akitazama shanga nzuri ndani ya kabati la kioo huko Italia, ajue hilo pia.

Basi safari yangu nimeipanga kwa kufuata njia hiyo kinyumenyume. Nimechagua Novemba. Kiangazi Venice hujaa watu mpaka wakubwa wa mji wameanza, tangu Aprili 2024, kumtoza mgeni wa kutwa yuro 5 katika siku zilizotangazwa, na mwaka uliofuata ikafika yuro 10 kwa asiyelipa mapema. Novemba ada hiyo haikuwamo. Hofu ya Novemba ni maji. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2019 bahari ilipanda sentimita 187, mafuriko makubwa kuliko yote tangu yale ya 1966, lakini tangu Oktoba 2020 kuna yale malango ya chuma kwenye milango ya bahari, yanayoinuliwa maji yakitishia. Na tarehe 21 wenyeji wana siku yao. Mwaka 1630 tauni iliwafyeka, wakaweka nadhiri ya kujenga kanisa iwapo itaondoka, na mpaka leo kila mwaka hutandika daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu wakavuka kwa miguu kwenda kanisa la Salute na mishumaa, kisha wakala nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi na moshi na kupikwa na kabichi. Mimi Mwislamu, mishumaa yao siiwashi, na nyama nitauliza kwanza imechinjwaje. Ila nataka kuuona mji huo ukiwa na watu wake. Wamebaki wachache. Tangu 2022 wakazi wa mji mkongwe wamepungua chini ya 50,000.

Viza ya Schengen ni yuro 90, unyimwe usinyimwe, na bima yenye kinga ya yuro 30,000 juu yake. Tusipoteze maneno hapo.

Siku ya kwanza ni ya ramani. Katika maktaba ya Marciana, ambayo siku hizi huingiwa kupitia jumba la makumbusho la Correr pale San Marco, kuna ramani ya dunia yenye upana wa karibu mita 2, iliyochorwa kama mwaka 1450 na mtawa aitwaye Fra Mauro. Aliifanya katika monasteri ya kisiwa cha San Michele, kilicho katikati ya Venice na Murano. Kusini iko juu. Afrika, kwa hiyo, iko juu, na pwani yetu inaelekea kushoto, kwenye bahari iliyojaa meli.  Fra Mauro alikaa katika kisiwa chake akihoji mabaharia, wafanyabiashara na watawa wa Kihabeshi waliofika Italia, akaandika maelezo mamia kwa mamia juu ya ramani ile. Aliichora Bahari ya Hindi ikiwa wazi upande wa kusini, miaka mingi kabla ya Vasco da Gama kuupita upande huo, wakati wasomi wengi wa Ulaya bado wakimfuata Ptolemy aliyeifunga kwa nchi kavu. Nikiwa darasani nilikuwa na picha yake ndogo iliyofifia, nikiipitisha dawati kwa dawati. Naitaka ile kubwa.

San Marco yenyewe nitaipa asubuhi moja, maana si haki kuipita. Lakini hata hapo nina changu. Mwaka 828 wafanyabiashara wa Venice waliiba Alexandria mwili wa Mtakatifu Marko, na masimulizi yao wenyewe yanasema waliufunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa forodha Waislamu wasichunguze. Ndani ya kanisa kuna picha za vijiwe vya rangi zinazoonyesha maofisa hao wakigeuza nyuso, na neno lao, kanzir, yaani nguruwe, limeandikwa kando. Mji mzima umejivunia kwa karne 12 ujanja wa kumpiga chenga mtu wa forodha. Ukilijua hilo, mengine kuhusu biashara yao huhitaji kufundishwa.

Murano ndiyo siku yenyewe. Pale San Marco utakutana na vijana nadhifu wanaotoa boti ya bure kwenda kisiwani. Bure hiyo inaishia katika chumba cha mauzo, fundi akikutengenezea farasi wa kioo kwa dakika moja, na mlango wa kutokea haupatikani kirahisi. Panda boti ya abiria kutoka Fondamente Nove, namba 4.1 au 4.2. Tiketi ya dakika 75 ni yuro 9.50, wizi mtupu, kwa hiyo nunua ya siku kadhaa mara moja. Boti inasimama kwanza San Michele, kisiwa cha Fra Mauro, ambacho tangu karne ya 19 ni makaburi ya mji. Nitashuka dakika chache kusoma Fatiha kwa ajili ya wafu wasio wangu. Anayeona ajabu abaki botini.

Serikali ya Venice iliwahamishia Murano mafundi wa kioo mwaka 1291. Mji ulikuwa wa mbao kwa sehemu kubwa na tanuri moja lingeuteketeza. Ilikuwa pia njia nzuri ya kuwaweka mafundi mahali pamoja, jicho likiwaona. Fundi aliyetoroka na siri ya kazi alifuatwa. Ufaransa ya Louis XIV ilipowarubuni watengenezaji vioo vya kujitazamia miaka ya 1660, kulizuka zogo la kibalozi na wapelelezi. Walioheshimika walikuwa wapuliza vyombo. Angelo Barovier, katikati ya karne ya 15, ndiye aliyepata kioo cheupe kama maji, na vikombe vyake vilikwenda kwenye meza za wafalme. Binti yake Maria anahusishwa na ushanga wa matabaka yenye ncha za nyota, na mwaka 1487 alipewa ruhusa ya kuwa na tanuri dogo lake mwenyewe. Waongoza watalii watakueleza habari hizo zote. Wanapofika mwaka 1797 hukimbia, kwa sababu mwaka huo Napoleon aliimaliza jamhuri, vyama vya mafundi vikafutwa muda si mrefu baadaye, na ufundi wa vyombo ukafa karibu wote. Mabohemia na Waingereza walikuwa wanauza vioo vizuri zaidi kwa bei nafuu.

Ni kitu gani kilichowalisha watu wa Murano katika miaka hiyo mibaya? Shanga. Vikombe vya wafalme vilikuwa vimekoma, lakini magunia yaliendelea kutoka kwenda Afrika, India na Amerika, na katika miongo ile ile ambayo misafara yetu ilikuwa mirefu kuliko wakati wowote, matanuri yaliyowaka yalikuwa ya shanga. Mtemi wa bara aliyekataa nyeupe akataka nyekundu alikuwa anaamua, bila yeye kujua, ni tanuri lipi la Murano litapata kuni. Kwa hiyo mwanafunzi anapoandika kwamba Afrika ilitegemea bidhaa za Ulaya, sitamkata alama, lakini nitampa na sentensi ya pili.

Jumba la makumbusho ya kioo liko katika kasri la zamani la maaskofu, lilianzishwa mwaka 1861 na padri Vincenzo Zanetti, aliyekuwa anajaribu kuufufua ufundi wa kisiwa chake. Humo nitapita haraka kwenye taa za maua na kusimama kwenye shanga. Nimechukua kete moja ya bibi yangu mzaa baba, mtu wa Ujiji, shanga nyekundu zilizochakaa kwa kuvaliwa. Ukiinua moja kwenye mwanga na kutazama tunduni, utaona kwamba wekundu ni ngozi tu; ndani ni nyeupe. Wekundu mzuri wa kioo ulikuwa ghali, basi fundi aliweka kiini cheupe akakipaka tabaka jembamba la rangi, na weupe ule wa ndani ndio unaoufanya wekundu ung'ae. Nataka kuziweka kando ya zile za kabatini nione kama ni ndugu.

Namna zilivyotengenezwa nimeisoma mara nyingi na bado inanishangaza. Fundi alichota bonge la kioo cha moto mwisho wa fimbo ya chuma, akalitia tundu katikati, akalichovya katika rangi ya pili kama anataka tabaka. Mwenzake akabandika fimbo yake upande wa pili wa bonge. Kisha wakakimbia, mmoja huku, mmoja kule, katika ujia mrefu uliojengwa kwa kazi hiyo tu, na kioo kikavutika katikati yao kikawa mrija mwembamba wa makumi ya mita, kabla hakijapoa. Lile tundu lilivutika pamoja na kioo, likawa jembamba kama uzi lakini halikuziba. Ndilo tundu la ushanga. Wakaukata mrija fito za kama mita moja, wakazipanga kwa unene, kisha wakazikata tena vipande vya milimita chache, vyenye kingo za kuchana vidole. Vipande hivyo vilichanganywa na unga wa mkaa na chokaa ili matundu yajazwe yasifungwe na moto, vikatiwa katika pipa la chuma linalozungushwa juu ya makaa mpaka kingo zikaviringika. Wakazipepeta, wakazichekecha ukubwa kwa ukubwa, wakazing'arisha katika magunia yenye pumba. Wanaume wawili wakikimbia mara moja waliacha nyuma yao maelfu ya shanga.

Kabla ya kurudi nitaingia kanisa la Santi Maria e Donato, lililo karibu na jumba hilo. Sakafu yake ya vijiwe ilikamilika mwaka 1140, na mahali pamoja majogoo wawili wamembeba mbweha mtini, miguu imefungwa. Hadithi hiyo haihitaji mkalimani kwa mtu aliyelelewa na bibi.

Sehemu ya mwisho ya kazi haikufanyiwa Murano, wala haikufanywa na wanaume. Shanga zilivushwa mpaka Venice, hasa mtaa wa Castello upande wa mashariki, zikagawiwa nyumba kwa nyumba kwa wanawake wa kutunga. Waliwaita impiraresse. Kati yao na kiwanda alikuwapo mwanamke wa kati aliyegawa magunia, akakusanya mafungu, akachukua chake. Mtungaji alikaa mlangoni kwa sababu ndani hakuna mwanga, kisahani kirefu cha mbao kimejaa shanga mapajani, na mkononi ameshika dazeni kadhaa za sindano nyembamba ndefu zilizotandazwa kama kipepeo, kila moja na uzi wake. Alizichovya sindano zote kwa pamoja katika shanga, akazisukuma mbele huku anazungumza na jirani, zikapanda zenyewe. Hakuokota ushanga mmoja mmoja. Binti alianza akiwa mtoto, akaendelea mpaka macho yanamkatalia. Mchoraji Mmarekani John Singer Sargent aliwachora mwanzoni mwa miaka ya 1880, warembo, katika ukumbi wenye giza. Malipo yalikuwa kwa fungu na yalikuwa madogo, na mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake hao wapole wa kwenye picha waligoma.

Castello basi nitaitembea jioni, kutoka Via Garibaldi, ule mtaa mpana uliopatikana kwa kufukia mfereji enzi za Napoleon, mpaka San Pietro. Huko bado wanaanika nguo kutoka dirisha hadi dirisha. Sitafuti bamba la ukumbusho. Nataka kuona milango hiyo ina upana gani, na jirani anakaa umbali gani, kwa kuwa nawajua wanawake wa mji wetu waliokuwa wakitunga upya shanga hizo hizo, nao walikaa vibarazani wakisemana kwa sauti ileile.

Asubuhi ya mwisho nimeipa Ghetto, nayo ina sababu yake. Kizazi chetu kiliijua Venice kabla ya kuijua Italia, kupitia tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Nimewasikia wanafunzi wakimwigiza Shailoki, yule Myahudi mkopeshaji, chini ya mwembe kwa miaka na miaka, na kila mwaka darasa linagawanyika katikati, wanaomcheka na wanaomhurumia. Mahali pake pa kweli ni kiwanja cha Ghetto Nuovo. Machi 1516 jamhuri iliamuru Wayahudi wote waishi katika kisiwa hicho kidogo, malango yafungwe usiku, na walinzi wa malango na wa mashua walipwe na Wayahudi wenyewe. Nje ya hapo walilazimika kuvaa alama ya rangi. Kukopesha kwa riba kulikuwa miongoni mwa kazi chache walizoruhusiwa, tena kwa masharti ya serikali, kwa sababu maskini wa mji walihitaji mahali pa kuweka rehani. Duka moja la rehani, Banco Rosso, linaonekana hadi leo. Watu walipoongezeka na ardhi isiongezeke, wakajenga kwenda juu. Nyumba za hapo ni ndefu kuliko za jirani zote, na ukihesabu madirisha utaona ghorofa zimebanwa, dari iko karibu na kichwa. Malango yaliondolewa mwaka 1797. Kati ya 1943 na 1944 zaidi ya watu 200 walichukuliwa kutoka mji huo kwenda kwenye kambi za Wajerumani, na ukutani kuna mabamba ya shaba ya kuwakumbuka. Jumba la makumbusho la Wayahudi hufungwa Jumamosi, kwa hiyo panga siku zako.

Bado hatujakubaliana na kijana juu ya kununua. Viwanda vikubwa vya shanga viliungana mwaka 1898 kuwa kampuni moja, nayo ikafungwa mapema miaka ya 1990. Ule ujia wa kukimbilia haupo tena. Kilichobaki ni kazi ya mezani, mtu mmoja na kimuali cha gesi, anayeyusha fito ya kioo na kuizungushia kwenye waya, ushanga mmoja mmoja. Mwaka 2020 ufundi huo wa Italia na Ufaransa uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Nyingi kati ya shanga za dukani Venice hazikufanywa hivyo, na hazikufanywa hapo. Yeye anataka nitafute zile kongwe, za biashara ya Afrika, ambazo wakusanyaji wamezinunua kwetu bara hili kwa miaka mingi na kuzirudisha Ulaya, na bei zake zinakwenda na hadithi anayokupa muuzaji. Mimi sinunui kete ya bibi yangu mara ya pili. Nimemwambia atafute, kabla sijafika, karakana ya mwanamke anayefanya kazi mlango ukiwa wazi, ambaye ataniruhusu nikae nimtazame, na aulize kama wekundu wake una kiini cheupe.